Windows 10 Imefikia Mwisho: Mfumo Upi Uendeshe Kompyuta ya Nyumbani na Ofisini

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015 na ambao kwa miaka kumi uliendesha kompyuta nyingi za ofisi, shule, vituo vya uchapaji na nyumba za Afrika Mashariki. Kwa uamuzi huo watu ambao hawakuwahi kujiuliza kompyuta zao zinaendeshwa na nini wamejikuta wakilazimika kuchagua: wapo walioambiwa na wauzaji kwamba mashine zao zimekwisha na hawana budi kununua nyingine, na wapo wanaoendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichobadilika, kwa kuwa kompyuta bado inawaka kama jana. Njia zote mbili zina hasara, ya kwanza kwa mfuko na ya pili kwa usalama, na ili kuiona njia iliyo bora inafaa kwanza kufahamu mfumo endeshi ni kitu gani na mifumo iliyopo inatofautiana vipi kwa mtu anayeandika barua, kutunza hesabu za duka, kusoma habari na kutazama filamu.

Mfumo endeshi ni programu mama inayoanza kazi mara kompyuta inapowashwa na kusimamia kila kinachotendeka ndani yake. Ndio unaogawa kumbukumbu ya muda, ile ambayo mafundi huiita RAM, baina ya programu zilizofunguliwa. Ndio unaopanga mafaili ndani ya diski, unaopokea kinachoandikwa kwenye kibodi, unaowasiliana na printa na vifaa vingine kupitia programu ndogo zinazojulikana kama draiva, na unaoamua ni programu ipi iruhusiwe kugusa kitu gani. Programu za matumizi, kama vile Word, Excel au kivinjari cha intaneti, hukaa juu ya mfumo huo na kuutegemea, na kwa sababu hiyo programu iliyotengenezwa kwa mfumo mmoja kwa kawaida haifanyi kazi kwenye mfumo mwingine mpaka watengenezaji wake watoe toleo la mfumo huo wa pili. Jambo hilo la mwisho ndilo linaloamua mengi katika uchaguzi, kuliko uzuri wa sura ya skrini au sifa zinazotangazwa dukani.

Kuenea kwa Windows kuna asili ya kibiashara zaidi kuliko ya kiufundi. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981, Microsoft iliipatia mfumo wa MS-DOS lakini ikabaki na haki ya kuwauzia watengenezaji wengine mfumo huo, na kampuni nyingine zilipoanza kuunda kompyuta zinazofanana na ile ya IBM, zote zikahitaji mfumo uleule. Windows ya kwanza, ya Novemba 1985, ilikuwa tabaka la picha na kipanya lililowekwa juu ya MS-DOS, na ilipozinduliwa Windows 95 mwezi Agosti 1995, Microsoft ilikuwa imekwisha kulishika soko la kompyuta za ofisini. Waandishi wa programu walifuata waliko wanunuzi, na wanunuzi wakafuata ziliko programu. Matokeo yake yapo hadi leo: programu za uhasibu kama Tally, programu nyingi za uhandisi, michezo mingi ya kompyuta na draiva za karibu kila printa hutengenezwa kwa Windows kwanza, na fundi anayeifahamu hupatikana hata katika mji mdogo. Hiyo ni faida ya kweli, na mtu ambaye riziki yake inategemea programu ya aina hiyo hana sababu ya kuihama Windows kwa kufuata mkumbo.

Umaarufu huohuo umeifanya Windows kuwa shabaha ya kwanza ya wahalifu. Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilisambaa katika nchi nyingi ndani ya siku chache, ikiyafunga mafaili ya watu kwa msimbo wa siri na kudai malipo ili iyafungue, na miongoni mwa walioumia vibaya ni hospitali za huduma ya taifa ya afya nchini Uingereza. Linalopaswa kuzingatiwa katika tukio hilo ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu lililotumiwa tangu Machi mwaka huohuo, na mashine zilizopatwa ni zile ambazo hazikuwa zimewekewa kiraka hicho au zilizokuwa zikiendeshwa na matoleo ya zamani yasiyohudumiwa tena. Hapo ndipo ilipo maana halisi ya tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 10 haikuzimika siku hiyo wala haitazimika, ila kila tundu jipya litakalogunduliwa ndani yake litabaki wazi na kujulikana na kila mwenye nia mbaya. Programu ya kuzuia virusi haiwezi kuchukua nafasi ya kiraka, kwa maana kazi yake ni kumtambua mwizi anayejulikana na si kutengeneza mlango uliovunjika. Microsoft ilitangaza mpango wa nyongeza wa kuwahudumia watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ambao mtu huweza kujiunga nao kwa dola 30, au bila kulipa fedha akikubali kutumia akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kampuni hiyo. Huo ni muda wa kujipanga, na haustahili kudhaniwa kuwa suluhisho.

Suluhisho ambalo Microsoft yenyewe inalitaka ni Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, na hapa ndipo wamiliki wengi wanapokwama. Mfumo huo unadai RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64, masharti ambayo si mazito, lakini unadai pia chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0 pamoja na kichakataji, yaani kile kitovu cha kompyuta kinachotekeleza maelekezo, kilichomo katika orodha iliyoidhinishwa. Kwa vichakataji vya Intel aina ya Core orodha hiyo, ukiacha vichache, huanzia kizazi cha nane, vilivyoanza kutoka mwaka 2017. Kizazi husomwa kirahisi kwenye jina la kichakataji: i5-6300U ni cha kizazi cha sita kwa sababu tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, na i5-8250U ni cha kizazi cha nane. Kompyuta mpakato za mtumba zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au katikati ya jiji la Nairobi, baada ya kustaafishwa na ofisi za Ulaya au kupitia Dubai, mara nyingi ni imara na zenye vyuma vizuri, lakini zile za kizazi cha sita na cha saba zinaangukia upande usiokubalika, kwa hiyo mnunuzi anayehitaji Windows anapaswa kusoma namba hiyo kabla ya kutoa fedha. Zipo mbinu za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokubalika, na mafundi wengi wanazijua, ila Microsoft haitoi ahadi yoyote kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupokea masasisho, ambayo ndiyo sababu nzima ya kuhama.

Pana jambo jingine linalofunikwa kwa ukimya. Fundi anapoitwa “kupiga Windows”, kama isemwavyo mitaani, mara nyingi anachoweka ni nakala isiyo na leseni iliyofunguliwa kwa programu ndogo ya kuvunja kufuli. Programu za aina hiyo hutoka kwa watu wasiojulikana, hutaka kinga za kompyuta zizimwe kwanza ili zifanye kazi, na baada ya hapo hupewa mamlaka yote ndani ya mfumo, kiasi kwamba mtu anayefungua akaunti ya benki kwenye kompyuta hiyo amemkabidhi funguo mtu asiyemjua. Gharama ya leseni halali ni kubwa kwa kipato cha wengi, na malalamiko juu yake ni ya haki, lakini jibu lake haliwezi kuwa nakala iliyochezewa ilhali ipo mifumo inayotolewa bure kwa uhalali kamili.

macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, hauhitaji maelezo marefu kwa msomaji wa kawaida wa Afrika Mashariki, kwa kuwa kizuizi chake cha kwanza ni bei. Leseni yake inauruhusu kuwekwa kwenye mashine za Apple pekee, ambayo ndiyo sababu ya ubora wake na pia ya ughali wake: watu walewale wanaotengeneza mfumo ndio wanaotengeneza kifaa, hivyo matatizo ya draiva ni machache na betri hudumu, hasa katika mashine zilizotoka tangu Novemba 2020 zikiwa na vichakataji vya Apple yenyewe kuanzia M1. Wahariri wa video, wanamuziki na wasanifu wa picha wana sababu nzuri ya kuupenda. Anayetafuta Mac ya mtumba, hata hivyo, anapaswa kujihadhari na mambo mawili. La kwanza ni kwamba Apple imetangaza kuwa macOS Tahoe ya mwaka 2025 ndiyo toleo kuu la mwisho kwa Mac zenye vichakataji vya Intel, kwa hiyo mashine hizo, ingawa zinauzwa kwa bei ya kuvutia, zimebakiwa na muda mfupi. La pili ni kufuli la umiliki, ambalo humfanya mnunuzi ashindwe kabisa kuitumia mashine ikiwa mwenye nayo wa awali hajaiondoa kwenye akaunti yake. Mashine ifunguliwe mbele ya muuzaji na kuanzishwa upya kabla ya malipo.

ChromeOS ya Google, inayouzwa ndani ya kompyuta ziitwazo Chromebook tangu mwaka 2011, imejengwa juu ya wazo kwamba kazi nyingi za siku hizi hufanyika ndani ya kivinjari. Ni nyepesi, ni vigumu kuambukizwa virusi, na mwanafunzi anaweza kuitumia bila mafunzo, lakini uwezo wake hupungua sana intaneti inapokatika au bando linapokwisha, na kila Chromebook ina tarehe yake ya mwisho ya kupokea masasisho iliyopangwa na Google. Chromebook za mtumba hazifai kununuliwa bila kuiangalia tarehe hiyo kwenye mipangilio.

Inabaki Linux, na huu ndio mfumo unaostahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko unavyotazamwa sasa. Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayoongoza vyuma vya kompyuta, akakitoa ili yeyote akisome, akirekebishe na kukigawa. Kiini hicho kilikutana na programu za mradi wa GNU, ulioanzishwa na Richard Stallman wa Marekani mwaka 1983 kwa lengo la kuwa na mfumo mzima ulio huru, na muungano huo ukazaa familia kubwa ya mifumo ambayo maelekezo yake yako wazi kwa wote na ambayo leseni yake inamruhusu kila mtu kunakili bila kumlipa mtu. Wanaoiogopa Linux kama kitu cha wataalamu wakumbuke kwamba simu zote za Android huendeshwa na kiini hichohicho, kwa hiyo wengi wamekuwa wakikitumia kwa miaka bila kujua.

Afrika ina nafasi yake katika historia hiyo. Ubuntu, toleo la Linux lililoifungua njia kwa watumiaji wa kawaida, lilitolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 na Mark Shuttleworth, mfanyabiashara mzaliwa wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, kampuni yake ya Canonical ilituma diski zake bila malipo kwa yeyote aliyeziomba, ikilipia hata posta. Mwaka huohuo wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi, walitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu huria za ofisi zenye menyu na ujumbe wote kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili kwa Windows enzi za Windows XP, lakini kazi ya Dar es Salaam ina uzito wa pekee, maana ilionyesha kwamba programu ikiwa huria watumiaji wa lugha hawahitaji kusubiri kampuni ya mbali ione faida ya kuwahudumia. Inasikitisha kwamba juhudi hiyo haikuendelezwa kwa kasi ile iliyoanza nayo, na vyuo vyetu vya teknolojia vina deni la kuirudia.

Kwa mtu anayetoka Windows, toleo linalozoeleka upesi ni Linux Mint, lililoanza mwaka 2006 na kujengwa juu ya Ubuntu, lenye menyu upande wa chini kushoto na mpangilio wa madirisha ambao mkono tayari unaujua. Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024, inahudumiwa hadi mwaka 2029, inaweza kuendeshwa na RAM ya gigabaiti 2 ingawa gigabaiti 4 ndizo zinazopendekezwa, na haijali kama kichakataji ni cha kizazi cha tatu au cha kumi. Ubora wake mkubwa kwa anayesitasita ni kwamba hujaribiwa kabla ya kusakinishwa: mfumo huandikwa kwenye flashi ya gigabaiti 8, kompyuta huwashwa kutoka kwenye flashi hiyo, na mtumiaji hukagua kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka na printa inachapa, bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Vivinjari vya Firefox na Chrome vipo, VLC ipo kwa filamu na muziki, Zoom ipo kwa mikutano, na WhatsApp hufunguliwa ndani ya kivinjari. Programu nyingi huchukuliwa kutoka ghala moja linalokaguliwa na watengenezaji wa mfumo, na sehemu moja tu husasisha mfumo pamoja na programu hizo, tofauti na desturi ya kupakua programu kutoka tovuti yoyote inayojitokeza, desturi ambayo imewaletea watumiaji wa Windows madhara mengi.

Mipaka yake nayo isemwe wazi. Microsoft Office haina toleo la Linux, isipokuwa ile inayotumika ndani ya kivinjari, na LibreOffice, inayokuja pamoja na mfumo, hufungua nyaraka za Word na lahajedwali za Excel vizuri kwa kazi za kawaida lakini huweza kuvuruga mpangilio wa waraka wenye majedwali mengi, na mara nyingi hushindwa na makro, yaani yale maelekezo yanayojiendesha yenyewe ndani ya lahajedwali. Adobe Photoshop haipo, Tally haipo, na programu ya Wine, inayojaribu kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, hufanikiwa kwa baadhi na kushindwa kwa nyingine. Printa nyingi za HP hukubali mara moja, ila zipo za kampuni nyingine zinazosumbua. Mafundi wanaoifahamu ni wachache nje ya miji mikubwa, na upungufu huo, kuliko ugumu wowote wa mfumo wenyewe, ndio unaoirudisha nyuma katika eneo letu.

Yapo mambo machache yasiyotegemea sana jina la mfumo lakini yanayomgharimu mtumiaji asipoyajua. Masasisho ya Windows ni makubwa na huweza kumaliza bando la mwezi kwa siku moja, kwa hiyo anayetumia intaneti ya simu anapaswa kuingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi na kuitambulisha kuwa ni intaneti ya kupimwa, ili mfumo uahirishe mzigo huo hadi atakapopata mtandao wa bei nafuu. Flashi au diski ya nje iliyopangwa kwa muundo wa NTFS wa Windows husomeka kwenye Mac lakini haiandikiki, ilhali muundo wa exFAT hukubaliwa na mifumo yote, hivyo ndio unaofaa kwa vifaa vinavyozunguka mikononi mwa watu wengi. Windows 11 ya siku hizi, inapoanzishwa kwa akaunti ya Microsoft, huweza kuifunga diski kwa msimbo wa siri bila mwenyewe kutambua, na kompyuta ikiharibika mafaili hayatoki bila ufunguo wa tarakimu 48 uliohifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Ni busara kuuandika ufunguo huo pembeni mapema. Tena mwendo mzito wa kompyuta mara nyingi hausababishwi na mfumo bali na diski ya zamani inayozunguka, na kubadilisha diski hiyo kwa ile ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake, hurejesha uhai wa mashine kwa gharama iliyo ndogo sana kuliko ya kompyuta mpya.

Kwa hiyo mhasibu anayefanya kazi kwa Tally na mhandisi anayetegemea programu za Windows wabaki Windows, wahamie 11, na ikiwa mashine haikubaliki waibadilishe bila kuchelewa, kwa sababu hesabu za wateja hazifai kukaa kwenye mfumo uliojaa matundu. Mwenye uwezo wa kununua Mac yenye kichakataji cha Apple hatajuta. Lakini mwalimu anayeandaa maswali, mwanafunzi wa chuo, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, mwandishi, na familia inayotumia kompyuta kwa barua pepe na filamu, ambao pengine ndio wengi kuliko wote, hawana kazi yoyote ambayo Linux Mint haiwezi kuifanya kwenye mashine waliyo nayo tayari, kwa uhalali na bila kulipa. Kabla ya kubadilisha chochote mafaili yote yanakiliwe kwenye diski nyingine na kuhakikishwa kuwa yanafunguka. Wakuu wa shule na wenye ofisi ndogo nao wanaombwa wasitie saini hati ya kununua kompyuta mpya kabla ya kumwomba fundi aiwashe angalau mashine moja ya zamani kwa flashi ya Linux na kuwaachia walimu na makarani waitumie kwa juma zima.